Machozi ya Msikilizaji katika Ghazal al-Banat

Filamu za Misri zilizojengwa juu ya umaarufu wa mwimbaji zilikuwa na desturi moja: kisa humtumikia nyota. Layla Murad alipewa wahusika wenye jina lake mwenyewe, kama katika Layla Bint al-Fuqara (1945), na nyimbo zikangojewa kuliko mkasa. Ghazal al-Banat ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Anwar Wagdi, inaanza katika desturi hiyo hiyo. Naguib al-Rihani ni Hamam, mwalimu fukara wa Kiarabu anayeajiriwa kumsomesha Layla, binti wa pasha. Watazamaji wanamcheka kwa kupenda asikopendwa. Kisha Mohammed Abdel Wahab anaimba juu ya penzi lisilodai malipo, na kamera inamgeukia Hamam. Analia, akaridhia Layla awe wa kijana mwingine. Wimbo, ambao katika filamu za aina hii huwa pambo, hapa unakata shauri la kisa kizima, na uzito wake anaubeba msikilizaji. Mpenzi wa taarabu atalitambua jambo hili upesi, kwani ukumbini pia anayeinuka kutunza huwa ameusikia ubeti kuwa ni wake. Al-Rihani alifariki mwezi Juni mwaka huo, kabla filamu haijaonyeshwa. Mchekeshaji huyo mkubwa akaagana na watazamaji wake kwa kilio.