Kinanda Kimemeza Maneno

Kazi ninayoihakiki safari hii haijatolewa popote. Ni wimbo wa rokabili, ule muziki wa miaka ya 1950 wa kusini mwa Marekani, bluzi iliyooana na nyimbo za wazungu wa mashambani. Rafiki yangu kaurekodi chumbani kwake Muleba kwa kinanda cha umeme na kompyuta. Maneno niliandika mimi, kwa hiyo nina kesi.

Niliusikia kwanza kwenye Hiace ya kwenda Bukoba. Jamaa alimpa dereva flashi. Mpaka tunapita Kemondo sikuwa nimeambulia hata neno langu moja. Ngoma tu, na mwimbaji akisikika kwa mbali kama padri aliye altareni wakati wewe umesimama nje ya kanisa. Abiria wa jirani akauliza, "Hivi hiki ni Kilingala?" Kiswahili, bwana!

Jioni nikamfuata. "Kaka, punguza ngoma."

"Haipungui."

Na kweli haipungui. Alibonyeza mdundo wa roki uliomo ndani ya kinanda, akaurekodi pamoja na besi na gitaa katika mkondo mmoja. Ndizi na maharage vikishaiva chungu kimoja, nani atatoa chumvi ya maharage peke yake? Angenyamazisha vingine, arekodi besi, kisha arudi kwenye gitaa, kila sauti na mkondo wake. Inachosha, najua. Hata riwaya yangu naiandika upya mara ya tatu.

Halafu ule mwangwi mrefu! Huko Memphis, Julai 1954, Sam Phillips alipomrekodi Elvis Presley, hapakuwa na mpiga ngoma kabisa. Scotty Moore alishika gitaa, na Bill Black akawa anazichapa nyuzi za besi yake kubwa mpaka zinagonga mbao. Mdundo ukapatikana hapo hapo. Mwangwi wa studio ile ulitoka kwenye mashine ya pili ya utepe: sauti inarudi upesi, kisha inakufa. Neno linabaki neno. Na sisi Wahaya tunashangaa nini? Mpiga enanga anasimulia vita na wafalme kwa sauti yake na nyuzi zake, na watu wanasikiliza.

Basi wiki iliyopita karekodi upya, ngoma hakuna, mwangwi mfupi. Maneno yote yakasikika. Jamani, ubeti wa pili! Mistari minane, mawimbi ya Ziwa Viktoria nimeyataja mara tatu, na mwimbaji hana hata pa kuvuta pumzi. Nilikaa pale kitandani kwake nikiitamani ile ngoma irudi.

Nimefuta mistari minne. Wa tano anautaka nao. Nimemkatalia, na mpaka naandika haya hatujaongea tangu Jumapili.