Kutazama Jicho la Njiti

Kazi huanza saa nzima kabla daktari hajaingia. Muuguzi wa wodi ya watoto njiti hupita kitanda kwa kitanda na orodha yake, hudondosha tone la dawa ya kupanua mboni katika kila jicho, husubiri dakika chache, kisha hurudia. Dawa ya njiti huwa hafifu kuliko ya watu wazima. Mwili wa kilo moja na ushei hauvumilii ziada: dawa ikipenya kwenye damu inaweza kupandisha shinikizo, au kulegeza tumbo lishindwe kusaga maziwa. Kwa hiyo tone likishaingia, muuguzi hufuta kwa pamba kile kilichotiririka shavuni, upesi, kabla ngozi haijakinyonya. Ni kitendo cha sekunde mbili, wala hakuna anayemsifu mtu kwacho. Muuguzi hodari humfanyia mtoto wa mwisho sawasawa na alivyomfanyia wa kwanza.

Zamu ya mtoto ikifika, huviringishwa shuka, mikono ikabaki ndani. Hutiwa tone la ganzi jichoni, na mdomoni maji kidogo ya sukari ya kumtuliza. Halafu huwekwa kifungua kope, waya mwembamba uliopindwa unaozuia kope zisifumbe. Mikono ya muuguzi imeshika kichwa cha mtoto, lakini macho yake yako kwenye skrini ya mapigo ya moyo, kwa sababu jicho la njiti likibonyezwa, moyo unaweza kupunguza mwendo. Akisema, "Daktari, mapigo yanashuka," mkono hutoka jichoni papo hapo na wote husubiri. Hakuna anayebishana naye.

Daktari bingwa wa macho amevaa taa kichwani. Mkono wa kushoto umeshika lenzi ya dayopta 28 kwa kidole gumba na cha shahada. Kidole cha mwisho kimeegemea paji la uso wa mtoto, ili mtoto akitikisika mkono utikisike naye. Taa, lenzi na mboni sharti vikae kwenye mstari mmoja. Vikipishana milimita chache, picha inapotea. Vikikaa sawa, retina inatokea, rangi ya chungwa, ikielea hewani kati ya lenzi na uso wa daktari, nayo imegeuka: cha juu kiko chini, cha kushoto kiko kulia. Mkono wa kulia una kijiti cha chuma cha kubonyezea ukuta wa jicho kwa nje, taratibu, ili ukingo wa mbali wa retina uje mahali panapoonekana. Kila anachokiona inabidi akipindue akilini. Wengine huweka karatasi ya kuchorea juu chini na kuchora vilevile wanavyoona. Ikigeuzwa, mchoro uko sawa. Mbinu hiyo haigharimu hata shilingi, nami naiheshimu kuliko mashine nyingi za wodini.

Anachotafuta ni mpaka. Mishipa ya damu ya retina huanza kumea kwenye kichwa cha neva ya jicho karibu wiki ya 16 ya mimba, ikitambaa kuelekea kingoni. Upande wa pua huufikia karibu wiki ya 36. Upande wa sikio, ulio mbali zaidi, karibu wiki ya 40. Mtoto akizaliwa wiki ya 27, mishipa bado iko njiani, na oksijeni anayokutana nayo nje ya tumbo la mama huisimamisha. Wiki zikipita, retina iliyokosa damu huanza kutoa kemikali iitwayo VEGF, ya kuita mishipa mipya. Mishipa hiyo huja ovyo, ikipanda kuelekea katikati ya jicho na kujenga makovu yanayoweza kuibandua retina. Ndiyo maana uchunguzi wa kwanza haufanywi mara tu mtoto anapozaliwa. Husubiriwa kama wiki nne, na kwa aliyezaliwa mapema sana mpaka umri wake, ukihesabiwa pamoja na ule wa tumboni, ufike wiki 31. Kabla ya hapo mtoto atasumbuliwa bure, na kujua wakati wa kutotazama ni sehemu ya ufundi huu.

Katika hatua ya kwanza ya ugonjwa huu wa retina ya njiti, mpaka huonekana kama mstari mweupe, bapa, mfano wa povu bamvua linapokomea mchangani. Hatua ya pili, mstari umeinuka ukawa tuta. Hatua ya tatu, mishipa mipya imechomoza juu ya tuta. Ya nne, retina imebanduka sehemu. Ya tano, imebanduka yote. Kutofautisha mstari na tuta si jambo dogo. Daktari husogeza lenzi kidogo kushoto, kidogo kulia, akiangalia kama kile kitu kinahama tofauti na kilicho nyuma yake: kikihama hivyo, kimeinuka. Kupima umbali nako kuna hila yake. Ukingo wa kichwa cha neva ulio upande wa pua huwekwa pembezoni kabisa mwa picha, na kinachoenea hadi pembe ya pili, upande wa sikio, ndiyo kanda ya kwanza, yenye hatari kuliko zote. Lenzi ile ile ya kutazamia imekuwa rula.

Yote hayo huingia kwenye mchoro wa duara uliogawanywa sehemu 12 kwa tarakimu za uso wa saa. Ugonjwa huhesabiwa kwa saa ulizozishika. Usiyeijua kazi hii unaweza kuona ni ukarani tu, lakini tiba ya leo imesimama juu ya michoro hiyo. Mwaka 1986 hospitali 23 za Marekani zilianza kusajili watoto waliozaliwa na uzito wa chini ya gramu 1,251, wakafika zaidi ya 4,000. Watafiti walitaka kujua kama kuigandisha kwa baridi kali ile sehemu ya retina isiyo na mishipa kungeliokoa jicho. Ilibidi kila daktari, katika kila hospitali, akiita kitu kwa jina fulani awe ameona kile kile wanachokiona wenzake. Kiwango kiliwekwa: hatua ya tatu iwe imeshika saa tano mfululizo au nane kwa jumla, na mishipa ya nyuma iwe imevimba na kupindapinda. Saa nne? Mtoto hurudishwa kitandani, atatazamwa tena. Watoto 291 walioingia kwenye jaribio walifikia kiwango, na yule ambaye macho yake yote mawili yalifikia alitibiwa jicho moja tu, lililochaguliwa kwa kura. Matokeo ya kwanza, yaliyotolewa mwaka 1988, yalionyesha kuwa macho yaliyoishia vibaya ni asilimia 43 ya yasiyotibiwa na asilimia 21.8 ya yaliyotibiwa.

Kura hiyo inaonekana ya kikatili mpaka ukumbuke yaliyotangulia. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza na Theodore Terry wa Boston mwaka 1942, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 ulikuwa umepofusha watoto wapatao 10,000. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, ni mmoja wao. Daktari Arnall Patz, huko Washington, alishuku oksijeni, akawagawa watoto makundi mawili: wa oksijeni nyingi na wa oksijeni kidogo. Inasimuliwa kwamba usiku baadhi ya wauguzi waliwafungulia watoto wa kundi la pili oksijeni zaidi, wakiamini wanawaokoa. Siwezi kuwacheka. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 1954 ulithibitisha shaka ya Patz, oksijeni ikabanwa kila mahali, na hapo njiti wengine wakafa kwa kuikosa. Mwaka 2010 jaribio la watoto 1,316 lilionyesha tena mizani hiyo: oksijeni ya damu ikishikiliwa kati ya asilimia 85 na 89 badala ya 91 na 95, macho yalipona zaidi, na vifo vikaongezeka.

Kwa watu wazima, VEGF hiyo hiyo ndiyo inayoharibu retina za wazee wengi na za wenye kisukari. Katika tafiti za wagonjwa hao nimevutiwa na mtu ambaye hata jina lake halitajwi: mpimaji wa kuona. Kwanza hutafuta miwani sahihi ya mgonjwa, lenzi moja baada ya nyingine, hata kama alipimwa mwezi uliopita. Kisha humketisha mita nne kutoka kwenye chati yenye mistari 14, kila mmoja herufi tano. Haonyeshi herufi kwa kidole. Haitikii kwa kichwa, hagunii kosa, hasemi "vizuri". Mgonjwa akikata tamaa humwambia, "Mzee wangu, sema unayoidhani," na hungoja. Jibu likibadilishwa kabla ya herufi inayofuata, hupokelewa. Baada ya hapo, hapana. Uso mkavu huo una thamani. Mwaka 2011 utafiti wa Marekani wa zaidi ya wagonjwa 1,100 ulilinganisha sindano mbili za jichoni za kuzuia VEGF: ranibizumab, wakati huo ya dola kama 2,000, na bevacizumab, ya dola kama 50. Kwa waliochomwa kila mwezi, baada ya mwaka mmoja waliopewa ya kwanza walikuwa wameongeza wastani wa herufi 8.5, waliopewa ya pili 8.0. Nusu herufi! Nani angeiamini tofauti ndogo kiasi hicho kama wapimaji wangekuwa wakitikisa vichwa?

Mwaka huo huo bevacizumab ilijaribiwa kwa njiti kwa miligramu 0.625, nusu ya dozi ya mtu mzima. Ilifanya kazi, lakini dawa hutoka jichoni ikaingia kwenye damu, na VEGF inayozuiwa inahitajika kwenye mapafu na ubongo unaokua. Kundi jingine la watafiti wa Marekani likaamua kushuka. Walianza na 0.25, wakaenda 0.125, kisha 0.063, kisha 0.031. Kila dozi walipewa watoto wachache tu, kwa sindano ya sehemu moja ya mia ya mililita. Walisubiri wiki nne waone jicho limetulia ndipo wakate nusu nyingine, huku kila mtoto akiendelea kutazamwa kwa taa na lenzi, maana ugonjwa unaweza kurudi baada ya miezi. Kwa 0.031, macho yote 9 yalitulia. Wakaendelea: 0.016, macho 13 kati ya 13; 0.008, 9 kati ya 9; 0.004, 9 kati ya 10. Kwa 0.002 yalitulia 17 kati ya 23, na hapo wakaacha kushuka.