Uzito wa Mhusika Msaidizi: Uhakiki wa Patsey katika Filamu ya 12 Years a Slave

Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, iliyoanza kutolewa mwaka 1937, kwa kawaida huzingatia nafasi ya mhusika katika msuko. Uhakiki huu unadai kuwa kigezo hicho hakielezi uzito wa mhusika kidhamira. Mammy katika Gone with the Wind, uhusika uliompatia Hattie McDaniel tuzo hiyo mwaka 1940, ni msaidizi kwa maana halisi: karibu kila alitendalo linamhusu Scarlett. Patsey, uhusika uliompatia Mkenya Lupita Nyong'o tuzo hiyohiyo mwaka 2014, ana haja zake mwenyewe. Anakwenda kutafuta sabuni ya kuogea, na kwa hilo anachapwa mijeledi. Solomon, mhusika mkuu, analazimishwa kumchapa. Msuko unakamilika Solomon anaporejea kwa familia yake akiwa huru. Patsey anabaki shambani. Anaonekana nyuma ya Solomon, katika taswira iliyofifia, akianguka. Hapo dhamira inavuka hatima ya mhusika mkuu: uhuru wa mmoja haukomeshi utumwa. Hivyo, neno "msaidizi" lichukuliwe kuwa jina la nafasi katika msuko, si kipimo cha uzito wa mhusika.