Madini, vitamini na kinga ya kondoo wa Usambara

Kinga ya mwili wa kondoo hutegemea, pamoja na mambo mengine, madini machache yanayotoka kwenye udongo na kumfikia kupitia majani. Mwaka 1896 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilipofungua shamba la majaribio Kwai, wilayani Lushoto katika milima ya Usambara, ili kupima mazao na mifugo ya Ulaya, elimu hiyo haikuwapo. Neno vitamini lilibuniwa na Casimir Funk mwaka 1912, na umuhimu wa kobalti kwa kondoo ulijulikana 1935.

Jinsi kobalti ilivyobainika ni somo kwa yeyote anayetaka kununua virutubisho leo. Magharibi mwa Australia kondoo na ng'ombe walikonda hadi kufa kwenye malisho yaliyoonekana mazuri. Walipolishwa mawe yenye chuma wakapona, ikadhaniwa kwamba walikosa chuma. Watafiti wawili wa huko, Underwood na Filmer, waliingiwa na shaka: kiasi kilichohitajika kilikuwa kikubwa mno, na maini ya wagonjwa yalikuwa yamejaa chuma. Wakaondoa chuma kwenye dawa ile, na kilichobaki kikaponya vilevile. Waliendelea kukitenganisha hatua kwa hatua mpaka wakaifikia kobalti. Kenya nako ugonjwa wa namna hiyo, ulioitwa Nakuruitis, ulihusishwa kwanza na chuma kabla ya kobalti kutambuliwa.

Vijidudu vya tumbo kubwa la kondoo huitumia kobalti kutengeneza vitamini B12. Majani makavu yenye takriban miligramu 0.1 kwa kilo yanatosha. Chini ya hapo hamu ya kula hupotea, mwanakondoo hudumaa, na chembe nyeupe za damu hushindwa kupambana vizuri na minyoo.

Udongo mwekundu wa Usambara umechujwa na mvua na una tindikali. Oksaidi zake za chuma na alumini hushika fosforasi na seleni, mizizi ikazipata kwa shida. Tindikali hiyohiyo hurahisisha kobalti kuingia kwenye majani, isipokuwa pale penye manganisi nyingi. Shamba likiwekwa chokaa mambo hugeuka: kobalti hupungua, molibdeni huongezeka. Kwa hiyo majani ya malisho aina ya Guatemala yaliyokatwa kwenye kingo za makinga maji ya mteremko mmoja yanaweza kutofautiana na ya mteremko wa pili, ingawa yote ni ya kijani.

Seleni hushirikiana na vitamini E kulinda chembe nyeupe zisiunguzwe na kemikali zile zile zinazotumia kuua bakteria. Zikikosekana zote mbili, misuli ya mwanakondoo hupauka na kukakamaa. Vitamini A ni suala jepesi zaidi hapa: majani mabichi yana malighafi yake ya kutosha, na ini huweka akiba ya miezi kadhaa. Sindano ya vitamini A kwa kondoo anayekula majani mabichi mwaka mzima ni fedha iliyopotea.

Shaba ndiyo inayodai uangalifu kuliko yote. Ikipungua, kinga hulegea na wanakondoo huweza kuzaliwa na miguu ya nyuma isiyo na nguvu. Upungufu huo hauhitaji udongo usio na shaba: molibdeni na salfa huifunga tumboni, na chuma kinachomezwa pamoja na udongo unaogandia majani huizuia pia. Ila ini la kondoo huilimbikiza na kuitoa polepole mno. Chakula chenye zaidi ya miligramu 15 hivi kwa kilo, kikitolewa kwa muda mrefu, kinaweza kumuua. Kwa majuma mengi mnyama huonekana mzima. Kisha ini huiachia shaba ghafla, chembe nyekundu hupasuka, macho huwa ya manjano, mkojo hutoka mweusi, na kifo huja ndani ya siku chache. Ndiyo maana jiwe la kulamba la ng'ombe, lenye shaba nyingi, halifai kuning'inizwa kwenye banda la kondoo. Banda lenye ng'ombe na kondoo pamoja lahitaji jiwe la kondoo.

Kabla ya kununua chochote, daktari wa mifugo anaweza kupima damu, au ini la mnyama aliyechinjwa. Pasipo maabara, kujaribu kwa mifugo yenyewe, kama walivyofanya Australia, bado kunafaa: wanakondoo wa umri mmoja hugawanywa makundi mawili, moja hupewa kobalti, jingine halipewi, na wote hupimwa uzito kila baada ya majuma machache.

Muda wa kutoa una uzito kama kiasi. Kondo la nyuma la kondoo halipitishi kingamwili kwenda kwa mtoto. Mwanakondoo huzipata kwenye dang'a, na utumbo wake huacha kuzipokea baada ya saa 24 hivi. Majuma sita ya mwisho wa mimba ndiyo ya kumpa jike madini, pamoja na pumba na majani ya jamii ya kunde, kwani kingamwili ni protini. Huo pia ndio wakati kinga yake dhidi ya minyoo hushuka, hivyo rangi ya utando wa ndani ya kope ikaguliwe: ukiwa mweupe, minyoo inayonyonya damu itibiwe kwanza.