Kutoka "tukamwona" hadi "nikamwona": hadithi za mbogo barazani Qurum



Mnivumilie. Nimeahidi mara kadhaa kuandika juu ya masimulizi ya wenzetu wa huku Omani, na kila nikianza najikuta naandika juu ya vitenzi. Leo pia ni vitenzi, lakini safari hii ndani yake kuna damu ya mbogo na kuna deni la mtu.

Qurum, kwa wasiopajua, ni mtaa wa Maskati uliopata jina lake kutokana na mikoko, mikoko ile ile tunayokatia boriti kwetu pwani. Hapo kuna nyumba ninayokwenda karibu kila Alkhamisi usiku. Mwenyewe ni mzee wa miaka themanini na kitu. Nitamwita Ami, kama ninavyomwita siku zote. Kazaliwa Tabora, baba yake alikuwa na duka, mama yake Muunguja, na yeye akahamia huku mwanzoni mwa miaka ya 1970. Barazani kwake hukaa watoto, wajukuu, mashemeji, na wazee wawili watatu waliowahi kuwinda naye. Kahawa inazunguka, halwa inapungua, na ikishafika saa nne usiku basi lazima mbogo atoke kichakani.

Mwaka jana wajukuu walipiga chapa hadithi zake zote, kurasa kama tisini hivi, wakaniomba niandike utangulizi. Nikasoma usiku mmoja. Asubuhi nilikuwa nimekasirika na sikujua kwa nini, maana Kiswahili chake ni kizuri, makosa ya chapa machache, na matukio ni yale yale niliyoyasikia kwa masikio yangu. Ilinichukua wiki nzima kugundua. Mswada umebadilisha herufi mbili tu, na kwa herufi hizo mbili mtu mmoja amepotea.

Hebu niwape hadithi kwanza kama nilivyoisikia barazani mara ya mwanzo, mwaka 2009.

Ni mwaka 1968, kusini ya Tabora, upande wa mto Ugalla. Ami ana leseni ya mbogo mmoja. Wametoka watu watatu: yeye, shemeji yake, na mfuata nyayo wao, Mnyamwezi, mkubwa wao kwa umri. Wameanza alfajiri. Mzee yule anatangulia na kifuko cha majivu, kila baada ya hatua kadhaa anakung'uta kidogo kutazama upepo unakwenda wapi. Akikuta mavi ya mbogo huyagusa kwa mgongo wa mkono kujua yamepoa au bado. Ami akifika hapa huwa anageuza mkono wake hivi, anaugusisha kwenye sinia ya halwa, na wajukuu wote wanacheka. Kisha: "Tukamwona. Kimya, ji! Tukainama." Risasi ya kwanza ikampata mbogo tumboni. Akaingia kichakani. Mfuata nyayo akasema tusubiri, huyu sasa atazunguka atatuvizia kando ya njia yake mwenyewe. Ami alikuwa kijana, hakusubiri. Mbogo akatokea ubavuni, kama alivyoambiwa. Mzee yule akamsukuma Ami pembeni na pembe ikamwingia yeye, nyonga ikavunjika. Ami akapiga ya pili na ya tatu, mbogo akaanguka. Wakakata miti miwili, wakafanya machela, wakambeba mtu mchana kutwa.

Hiyo ndiyo hadithi. Sasa kwenye mswada imekuwaje?

Kwanza, "tukamwona" imekuwa "nikamwona". Tena si hapo tu. Nilihesabu kwa kalamu: katika sura nzima ya mbogo, nafsi ya wingi imebaki mahali pawili, wakati wa kula na wakati wa kulala. Kufuata nyayo, kupima upepo, kugundua mnyama, yote yamekuwa ya mtu mmoja. Mfuata nyayo ametajwa mara moja tu, "mpagazi mmoja", naye "aliumia kidogo".

Pili, mkono umeondoka. Hakuna majivu wala mavi ya mbogo yanayoguswa. Na si ajabu, kwa sababu mkono ule haukuwa wa Ami. Ukishamwondoa mwenye ujuzi, ujuzi nao huna pa kuuweka, na badala yake zimeingia sentensi kama "kwa uzoefu wangu nilitambua kwamba mnyama alikuwa karibu". Jamani, hiyo ni sentensi ya ripoti. Barazani mtu angesinzia.

Tatu, mwisho. Barazani hadithi haiishi mbogo anapoanguka. Inakuja ile mabishano ya kuwahi kuchinja: je, ilisomwa bismillahi wakati wa kufyatua, roho ilikuwa bado imo kisu kilipofika, na huyu nyama yake inalika au hailiki? Shemeji anasema hivi, Ami anasema vile, na wazee waliopo wanaingilia na hoja zao za fikihi mpaka kahawa inapoa. Halafu mgawo: paja kwa nani, moyo kwa nani, nani alipelekewa nyumbani kwake. Kwenye mswada sura inakwisha kwa picha, Ami kasimama, bunduki mkononi, mguu juu ya mnyama.

Nawauliza, mguu juu ya mnyama tumeutoa wapi? Mimi nasema umetoka vitabuni. Rafu ya Ami ninaijua: Patterson yupo, Roosevelt yupo, na wengineo wa aina hiyo. Vitabu vitamu, sikatai, hata mimi nimevisoma nikiwa mwanafunzi ughaibuni. Lakini tuvisome vizuri. Patterson, aliyewaua simba wawili wa Tsavo mwezi Desemba 1898, katika kitabu chake cha 1907 anatoa hesabu kamili ya wafanyakazi wa Kihindi walioliwa, watu 28, halafu anasema Waafrika walikuwa wengi ila hawakuwekewa hesabu rasmi. Baadaye akaja na idadi ya watu 135. Mwaka 2009 watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba wale, ambao wako kwenye makumbusho ya Chicago, walikadiria kama watu 35. Wataalamu waendelee kubishana juu ya idadi. Mimi kinachonishika ni kwamba mwandishi anaweza kuhesabu risasi zake moja moja, lakini waliokufa jirani na hema lake wengine hawana hesabu.

Roosevelt naye aliteremka Mombasa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit. Orodha yake mwenyewe inasema baba na mtoto walipiga kwa bunduki wanyama 512. Wapagazi walikuwa zaidi ya mia mbili. Lakini tazameni wapagazi wale walivyojibu. Kijana walimwita Bwana Maridadi, na baba, inavyosimuliwa, Bwana Tumbo. Kwangu mimi huo ndio uhakiki wa kwanza wa Kiswahili juu ya fasihi ya uwindaji, tena mfupi kuliko wowote niliowahi kuandika.

Msije mkanielewa vibaya, kwamba wazungu waliharibu na sisi tulikuwa wema. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, ni kitabu chetu, na mwandishi ana asili ya huku huku Omani. Humo masultani wana majina na wafanyabiashara wana majina. Pembe zinatajwa kwa frasila, na kila frasila ni kama kilo 16. Tembo mwenyewe huonekana kwa nadra, na aliyebeba pembe hana jina kabisa. Kwa hiyo kumsahau mtu aliyetubeba si ugonjwa tulioletewa tu. Tulikuwa nao nyumbani.

Basi sikuandika utangulizi. Nilikwenda Qurum na mswada wangu uliojaa wino mwekundu, siku ambayo si Alkhamisi, ili tuwe wawili.

Ami alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanijibu jambo ambalo sikulitarajia. "Mwanangu, leseni iliandikwa jina moja. Jina langu. Yule angekamatwa na nyama mkononi bila mimi, alikuwa jangili. Mimi na karatasi yangu nilikuwa mwindaji. Nimezoea kumficha."

Hapo nilinyamaza, na nadhani na nyinyi mnastahili kunyamaza kidogo. Sheria za leseni kwetu zina umri mkubwa. Wissmann alitoa amri yake ya wanyamapori Tanganyika ya Wajerumani mwaka 1896, Waingereza wakaendeleza, na nchi huru zikarithi. Mwenye gobori aliyewinda msitu ule ule tangu babu zake akawa mkosaji ndani ya usiku mmoja. Mwenye pesa ya leseni akawa mheshimiwa. Kwa maana hiyo "nikamwona" si ya vitabu peke yake, ni sarufi ya leseni. Karatasi haijui kusema "tu".

Lakini nilimwambia Ami, leseni ya mwaka 1968 imekwisha muda wake. Tanzania ilifunga uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena 1978. Kenya iliufunga mwaka 1977 na mpaka leo haijaufungua. Hakuna askari wa wanyamapori atakayekuja Qurum kumtafuta mzee aliyegusa mavi ya mbogo. Kumficha sasa kunamlinda nani?

Na nikampa mfano wa huku huku, ambao yeye anaujua kuliko mimi. Choroa wa Arabuni, yule mweupe mwenye pembe ndefu, alikwisha porini mwaka 1972, na wa mwisho waliuliwa Jiddat al-Harasis na wawindaji waliokuja kwa magari. Aliporudishwa mwaka 1982 kule Yalooni, walioajiriwa kumfuata na kumlinda walikuwa Waharasis, wenyeji wa jangwa lile, kwa sababu wao ndio waliojua kusoma mchanga. Mambo hayakuendelea vizuri yote. Ujangili ulirudi, na mwaka 2007 hifadhi ile iliondolewa katika orodha ya Urithi wa Dunia baada ya kupunguzwa kwa asilimia 90. Lakini katika habari za kumrudisha mnyama yule huwezi kuwaruka Waharasis. Anayejua nyayo yumo ndani ya sentensi.

Wakati tunaongea hayo, Bi Mkubwa alikuwa chumba cha pili na mlango wazi. Hakutokea, sauti tu ilikuja: "Nawe mtaje alokusukuma! Mie nyama yake niliianika kwa mikono yangu, na mkewe nilikaa naye siku arubaini." Akalitaja jina, na la baba yake, na kijiji. Miaka hamsini na zaidi imepita na hakusita hata kidogo. Ami akatazama chini. Kisha akanieleza yale ambayo barazani hayasemwi: kwamba mzee yule hakutembea tena sawasawa, kwamba yeye Ami alikuwa akimpelekea kitu kila mwezi, na kwamba alipohamia huku kitu kile kilikatika. Ndiyo maana "aliumia kidogo". Hakuwa anamficha na askari tu. Alikuwa anajificha naye.

Sasa hitimisho, maana nimeshakuwa mrefu. Hadithi za uwindaji za familia zetu zinaandikwa kwa haraka siku hizi, na ni vizuri, wazee wanaondoka. Ila nawaomba wenzangu mnaoombwa kuhariri, kabla ya kusahihisha tahajia, tazameni nafsi. Kila penye "nika-" ulizeni nani alikuwa mbele na nani alikuwa nyuma. Na sikilizeni kanda, kama ipo. Ami, kwa mfano, kinywa chake ni cha mama yake Muunguja, hasemi "nikamwona" hata siku moja. Akijisemea peke yake husema "hamwona", "hapiga", "hatoka". Yaani ile "nikamwona" ya mswada haikuwa yake hata kwa lahaja.

Tulikaa wiki tatu kurudisha "tuka-" mahali pake. Majivu yamerudi, mabishano ya kuchinja yamerudi, mgawo wa nyama umerudi, picha imehamia katikati ya kitabu. Jina la mfuata nyayo limo kwenye mswada. Hapa silitaji, kwa sababu familia yake bado inatafutwa kupitia jamaa walioko Tabora, na wao ndio wenye ruhusa. Utangulizi wangu unasubiri jibu lao.

Mahali pamoja tulibishana. Ni pale risasi ya kwanza inapompata mbogo tumboni. Mimi, kwa shauku yangu ya haki, niliandika "tukapiga". Ami akachukua kalamu, akafuta.

"Hapo weka 'hapiga'," akasema. "Ile ilikuwa yangu peke yangu."

Naomba kuwakilisha.

Wasalaam,
Wenu, Qurum, Maskati