Fundi Asomaye Kabla ya Kuandika

Kati ya kazi zote zinazofanyika kwenye meza ya fundi wa kompyuta, kuandika upya programu dhibiti ya kompyuta mpakato iliyozeeka ndiyo inayodai utulivu mwingi kuliko zote, na ndiyo isiyosifiwa na mtu, kwa kuwa ikifanywa vizuri haiachi alama yoyote ya kuonekana. Programu dhibiti ni maelekezo ya kwanza kabisa ambayo mashine huyasoma inapowashwa, kabla kioo hakijaonyesha chochote, nayo ndiyo huijulisha mashine kwamba ina kumbukumbu kiasi gani, kibodi yake ni ipi, na mfumo wa uendeshaji utafutwe kwenye diski gani. Kwa muda mrefu maelekezo hayo yameitwa BIOS, na ingawa katika mashine za miaka ya karibuni nafasi yake imechukuliwa na mfumo uitwao UEFI, mafundi wameendelea kuyaita kwa jina la zamani, na wana haki, kwani kazi imebaki ileile ya kumwamsha aliyelala na kumkumbusha yeye ni nani.

Historia ya maelekezo haya inaweza kufupishwa kwa kutazama mahali yalipohifadhiwa. Kompyuta binafsi ya IBM iliyotoka Agosti 1981 ilikuwa na BIOS ya kilobaiti 8 tu, iliyowekwa kiwandani ndani ya chipu isiyofutika, hivyo aliyetaka toleo jipya alilazimika kuing'oa chipu yenyewe na kupachika nyingine. Zilikuwapo pia chipu zilizoweza kufutwa, za aina iliyobuniwa na Dov Frohman katika kampuni ya Intel mwaka 1971, na hizo zinastahili kuelezwa kwa kirefu hata kama leo ni nadra kuzikuta nje ya makasha ya mafundi wazee. Mgongoni mwake kulikuwa na dirisha dogo la mviringo, la kioo maalumu kinachopitisha miali ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa jicho la binadamu, na kupitia dirisha hilo mtu aliweza kuiona silikoni yenyewe, kipande cha kijivu kinachometameta, pamoja na nyuzi nyembamba kuliko unywele zikitoka kwenye kingo zake. Chipu ilipotakiwa kuandikwa upya ilichomolewa, ikalazwa chini ya taa ya miali hiyo kwa dakika 15 au 20 hadi vyote vilivyokuwamo vikafutika, kisha ikaandikwa na dirisha lake likazibwa kwa kipande cha karatasi ya gundi, kwa kuwa hata mwanga wa jua ungeweza, siku zikipita, kuyafuta maelekezo. Juu ya karatasi hiyo fundi aliandika kwa kalamu namba ya toleo na tarehe. Mwandiko ule mdogo, ambao mara nyingi wino wake umefifia hadi rangi ya majani makavu, ulikuwa ushahidi kwamba kuna mtu aliyeigusa mashine hiyo, akajua alichokiweka ndani yake, na akawa tayari kuulizwa.

Fujio Masuoka wa Toshiba alipowasilisha kumbukumbu ya flashi mwaka 1984, inayofutika na kuandikika kwa umeme peke yake, dirisha lilikosa kazi, na karatasi ikatoweka pamoja na mwandiko wake. Katika miaka ya 1990 mwenye kompyuta aliweza kubadilisha BIOS akiwa amekaa kwenye kiti chake, bila kushika bisibisi, na urahisi huo ulikuja na gharama yake. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi kilichoitwa CIH, kilichotungwa na mwanafunzi mmoja wa Taiwan, kiliamka katika kompyuta nyingi duniani, kikaharibu diski na, pale kilipoweza, kikaandika takataka juu ya BIOS, na mashine zilizopatwa hazikuwaka tena mpaka chipu zao ziandikwe upya au zibadilishwe. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mwenye nyumba ulikuwa wazi kwa mwizi pia.

Nyingi kati ya kompyuta mpakato za zamani zinazouzwa Afrika Mashariki zilikwisha kutumika katika ofisi za nchi za mbali, zikauzwa kwa jumla baada ya miaka michache na kuingia madukani Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ambako kutoka Uingereza huhesabiwa kuwa sifa. Miongoni mwazo ThinkPad za Lenovo zina heshima ya pekee kwa mafundi, kwa sababu ya mwili wake mgumu mweusi, kibodi yake inayovumilia, na kinundu chekundu kilichokaa katikati ya herufi G, H na B. X200 ya mwaka 2008 na X230 ya mwaka 2012 ni mifano mizuri, kwani zote mbili hufunguka kwa skrubu za kawaida na zote mbili bado hufanya kazi ya mwanafunzi, ya karani na ya mwandishi. Aghalabu hufika zikiwa na toleo la programu dhibiti ambalo hakuna aliyelishughulikia tangu zilipokuwa ofisini, na hapo ndipo suala la umri linapojitokeza. Januari 2018 ulimwengu ulipoelezwa kuhusu Meltdown na Spectre, kasoro za vichakato zinazoweza kuiwezesha programu moja kuchungulia siri za nyingine, sehemu ya dawa ilipitia kwenye BIOS. Mwezi Aprili mwaka huohuo Intel ilitangaza kwamba baadhi ya familia za vichakato vya zamani, ikiwamo Penryn iliyomo ndani ya X200, hazitatengenezewa dawa hiyo. Mashine hiyo ilikuwa na miaka 10, umri wa mtoto wa darasa la nne, na tayari ilikuwa imehesabiwa miongoni mwa wafu.

Njia ya kwanza ya kuhuisha programu dhibiti ni ile iliyoandaliwa na mtengenezaji, yaani programu ndogo inayoendeshwa kutoka kwenye Windows au kwenye diski ya kuwashia, na kwa ThinkPad programu hiyo hukataa kuanza mpaka chaja iwe imechomekwa na betri iwe na chaji. Sharti hilo lina hekima kubwa kuliko wengi wanavyodhani, hasa katika miji ambayo umeme hukatika bila kuaga, kwa sababu chipu iliyofutwa nusu na kuandikwa nusu haina maelekezo ya kale wala mapya, na mashine yake haiwezi hata kuonyesha ujumbe wa kosa. Mafundi husema imekufa. Fundi mwenye subira akiletewa kompyuta ya zamani ambayo betri yake imechoka hatafuti ujanja wa kulizunguka sharti hilo. Hutafuta betri nzima, hata ya kuazima, ndipo aanze.

Njia ya pili, ambayo ndiyo kiini cha ufundi huu, hufuatwa pale mtengenezaji alipokwisha kujitoa au pale mashine ilipokwisha kufa. Fundi huondoa betri kubwa, hufungua skrubu za chini, huinua kibodi na sehemu ya kuegemeza viganja, kisha huichomoa na ile betri ndogo ya saa ili pasibaki umeme wowote wa pembeni. Katika X230 anachokitafuta kimefunikwa kwa plastiki nyembamba nyeusi, nazo ni chipu mbili zilizokaa jirani, moja ya megabaiti 8 na nyingine ya megabaiti 4, kila moja haizidi punje ya hindi na ina miguu minane, minne kila upande. Kwenye pembe moja ya chipu pamechorwa nukta, ambayo ndiyo huonyesha mguu wa kwanza, na nukta hiyo mara nyingi haionekani mpaka taa iinamishwe na kivuli kiingie kwenye kishimo chake. Waya mwekundu wa kibanio, yaani klipu inayoshika miguu yote minane kwa pamoja, ni lazima uelekee kwenye nukta hiyo, kwani ukigeuzwa umeme huingia mahali pa kutokea. Chipu hizi hutumia volti 3.3, na baadhi ya vifaa vya bei nafuu vya kuandikia, hasa vile vyeusi vinavyojulikana kwa jina la CH341A, hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data. Fundi anayeijua kazi yake hupima kwanza, na akiona hivyo hukirekebisha kifaa au hukiweka kando.

Kinachofuata ndicho kinachomtenganisha fundi na mbahatishaji. Kabla ya kuandika hata baiti moja, husoma. Huamuru kompyuta ya pili, iliyounganishwa na kifaa cha kuandikia, inakili kila kilichomo ndani ya chipu, kazi inayochukua dakika kadhaa, kisha huondoa kibanio, hukirudisha, na kusoma tena, halafu hulinganisha nakala hizo mbili kwa alama ya ukaguzi, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaotolewa kwa hesabu kutoka kwenye faili zima, na ambao hubadilika kabisa ikiwa hata herufi moja ya ndani imebadilika. Alama zikitofautiana, hakuna anachoandika. Hupangusa miguu ya chipu kwa spiriti, huketisha kibanio upya, na kuanza kusoma tena. Wapo wanaosoma mara tatu. Katika muda huo wote meza iko kimya, na mteja aliyesimama nje ya kaunta huweza kudhani kwamba hakuna kinachofanyika.

Desturi hii ya kulinganisha si ngeni katika pwani ya Waswahili, ambako kazi ya mnakili wa miswada ilikuwa na heshima zamani kabla ya mashine ya kupigia chapa. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchonga mbao na mnakili kwa wakati mmoja, na tendi alizozinakili kwa hati ya Kiarabu zimesomwa na wataalamu wengi waliokuja baada yake. Mnakili alijua kwamba karatasi ya zamani inaliwa na mchwa na chumvi ya bahari, na kwamba neno likirukwa katika nakala yake, msomaji wa miaka 100 baadaye hatakuwa na mahali pa kuuliza. Fundi anayesoma chipu ya zamani mara mbili amekaa katika kiti kilekile, ingawa hajui na hakuna aliyemwambia.

Uzembe wa siku hizi ndio unaoifanya kumbukumbu hiyo iume. Badala ya kusoma chipu ya mashine iliyo mbele yake, fundi mwenye haraka hupakua kutoka kwenye intaneti faili lililosomwa kwenye mashine nyingine ya aina ileile, huliandika moja kwa moja juu ya chipu, na kompyuta ikiwaka huipokea pesa yake. Lakini ndani ya megabaiti 12 za X230 kuna sehemu ya kilobaiti 8, sawa na ukubwa wa BIOS nzima ya mwaka 1981, iliyotengwa kwa ajili ya kadi ya mtandao wa waya, na humo mna baiti 6 ambazo ni anwani ya kadi hiyo, namba ya pekee inayoitambulisha mashine kwenye mtandao. Aliyeandika faili la kigeni bila kuirudisha sehemu hiyo amefuta jina la kompyuta moja na kuivika jina la nyingine. Kompyuta mbili zilizotengenezwa kwa faili moja zikichomekwa kwenye mtandao mmoja wa shule hugombania jina hilo, mawasiliano ya zote mbili huyumba, na mwalimu hulaumu waya. Nakala ya asili, ambayo peke yake ingeweza kusema mashine hiyo ilikuwa nani, imekwisha kufutwa na aliyelipwa kuitengeneza.

Wapo waliokataa kuziacha mashine hizi zife. Mwaka 1999 Ron Minnich na wenzake katika maabara ya Los Alamos, Marekani, walianzisha mradi wa programu dhibiti huria ulioitwa LinuxBIOS, ambao tangu mwaka 2008 unajulikana kwa jina la coreboot, na kutokana na kazi hiyo X200 na X230 zinaendelea kupata maelekezo mapya yaliyoandikwa na watu ambao si watengenezaji wake. Hata hivyo mlango unazidi kuwa mwembamba. Kuanzia mwaka 2013 vichakato vya Intel vilianza kuja na kinga ambayo, mtengenezaji akiamua kuiwasha, huifanya mashine ikatae programu dhibiti yoyote isiyo na sahihi yake, na ingawa kinga hiyo huzuia mwizi, humzuia pia fundi, na siku mtengenezaji atakapoichoka mashine hiyo hakutakuwa na mkono mwingine wa kuihudumia. Matoleo mapya nayo huteremka yenyewe usiku, hujiandika yenyewe, na mwenye kompyuta huamka asubuhi bila kujua kilichoondolewa wala kilichowekwa. Hakuna karatasi juu ya dirisha, na hakuna dirisha. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii leo wanajifunza kubadilisha ubao mzima kwa dakika chache, jambo lenye faida yake, ila chipu ya ubao uliotupwa huondoka na kila ilichokuwa inakijua bila mtu kuisoma hata mara moja.

Nakala kamili ya chipu zote mbili za X230 ni megabaiti 12, ambazo hata flashi ndogo kabisa inayouzwa barabarani huzibeba bila kujaa. Mwenye kompyuta ya zamani anayeipeleka kwa fundi kuandikiwa upya programu dhibiti na aidai nakala hiyo mkononi, ikiwa na tarehe, kabla hajalipa.