Kruzi kontroli ya zamani: nusu iliyosahaulika ndiyo inayofaa Kibaha

Wapenzi wa magari ya zamani wana sifa moja wanayoirudia kuhusu kruzi kontroli zilizotoka kiwandani miaka ya 1950 hadi 1980: starehe. Unapanga mwendo, unatoa mguu, gari linakwenda lenyewe. Sifa hiyo ina ukweli nusu. Kifaa cha mwanzo kilikuwa na kazi mbili, na kwa maoni yangu ile isiyosifiwa ndiyo iliyokuwa na akili zaidi. Safari hii basi tukikague kama kazi ya ubunifu: kilifanya nini vizuri, kilikosea wapi, na sisi wa Tangini tunaoishi na Barabara ya Morogoro tuchukue kipi.

Aliyebuni kifaa kilichoingia viwandani ni Ralph Teetor, injinia wa Marekani aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 5. Alikuwa kiongozi wa Perfect Circle, kampuni ya ringi za pistoni kule Indiana. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na uendeshaji wa wakili wake: wakili akiongea gari linapunguza mwendo, akinyamaza kusikiliza linaongeza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani iliweka kikomo cha maili 35 kwa saa, yaani kama kilomita 56, ili kuokoa matairi na mafuta. Kwa hiyo swali la jinsi ya kumfanya dereva asipitilize mwendo lilikuwa hai kabisa.

Sasa angalia hataza aliyopewa mwaka 1950. Jina lake kwa Kiswahili ni kama hivi: kifaa cha kudhibiti mwendo kwa kuzuia utendaji wa akseleta. Kuzuia! Hakuna neno starehe pale. Wazo lilikuwa kwamba ukifika mwendo uliouchagua, pedeli ya mafuta inakuwa nzito na kusukuma mguu wako kurudi. Ukitaka kulipita gari jingine, unakanyaga zaidi na unapita. Kifaa hakikunyimi gari lako, kinakukumbusha tu.

Kilijuaje mwendo bila kompyuta? Kwa vyuma viwili vidogo vinavyozunguka. Mzunguko ulitoka kwenye giaboksi ya gari kupitia kebo, kama ule wa spidimita. Gari likikimbia zaidi, vyuma vinatanuka kwenda nje, kwa sababu ileile inayofanya ndoo ya maji ukiizungusha ivute mkono wako. Kinachovirudisha ndani ni springi. Ukizungusha kitufe cha kuchagua mwendo unabadilisha mkazo wa springi, na vyuma vikiishinda, mota ndogo ya umeme inaanza kusukuma pedeli. Kanuni hii James Watt aliitumia kwenye injini za mvuke tangu 1788, na mwaka 1868 James Clerk Maxwell aliiandikia makala ya hisabati ambayo wanafunzi wa udhibiti wa mitambo bado wanatajiwa darasani.

Mwaka 1958 Chrysler iliweka kifaa hiki kwenye magari yake ya bei kubwa, Imperial likiwemo. Onyo la pedeli lilikuwepo, lakini sasa kulikuwa pia na njia ya kukifunga kishike mwendo chenyewe hadi uguse breki. Kampuni ikakiita Auto-Pilot. Hapa ndipo lawama yangu ya kwanza ilipo. Rubani ni mtu anayeona mbele na kuamua. Kifaa hiki hakikuona chochote: si ng'ombe, si lori lililoharibika, si mtoto. Kilijua namba moja tu. Cadillac ikaja na jina Cruise Control, na jina hilo ndilo lililoshinda. Ile pedeli inayokusukuma ikafifia kwenye matangazo, halafu ikapotea kwenye magari yenyewe.

Miaka iliyofuata mifumo mingi ilihamia kwenye vakyumu. Injini ya petroli ikinyonya hewa huku mlango wa hewa ukiwa umefungwa kiasi, ndani ya manifoldi kunakuwa na mvuto. Mvuto huo unavuta kiwambo cha mpira, kiwambo kinavuta kebo ya mafuta. Nguvu ya bure kabisa. Kasoro yake sasa: gari likipanda mlima, mlango wa hewa unafunguka zaidi na mvuto unapungua. Yaani nguvu ya kuvuta kebo inakuwa ndogo pale pale inapohitajika kubwa. Ndiyo maana baadhi ya magari yaliongezewa tangi dogo la kuhifadhi vakyumu au pampu. Gari la dizeli halina mvuto huo wa kutegemea, kwa hiyo Mercedes-Benz W123, ile Benzi ambayo wazee wetu wanaijua sana, ilitumia mota ya umeme na kiboksi cha elektroniki. Kiboksi hicho kinafahamika kwa mafundi wa Benzi duniani kwa risasi kupasuka kwenye maungio yake. Mara nyingi tiba ni kuchomelea upya tu.

Lakini tuwe wa haki. Mfumo wa vakyumu una fadhila moja kubwa: ukiharibika, kwa kawaida unaharibikia upande wa usalama. Mpira ukipasuka, mvuto unatoroka, springi inafunga mafuta, gari linapungua mwendo. Kwenye magari mengi pedeli ya breki ilikata mfumo kwa njia mbili, swichi ya umeme na vali ya kuachia vakyumu. Moja ikigoma, nyingine ipo. Huo ni ubunifu wa kuheshimiwa.

Sasa turudi barabarani kwetu. Kushika mwendo bila mguu hakuna kazi kati ya Mlandizi na Maili Moja. Kuna matuta, vivuko, daladala zinazosimama, bodaboda zinazochomoka. Dereva atagusa breki kabla hajamaliza kujisifu. Tatizo letu ni lile la hataza ya 1950: mguu unaopitiliza. Sheria inataka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 yasizidi 80. Halafu barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa kwa mradi wa njia nane. Barabara pana inakaribisha mguu.

Tofauti ya 50 na 80 si ndogo kama inavyosikika. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba, kwa hiyo gari kwenye 80 linabeba nishati mara 2.56 ya lile la 50. Ukichukua sekunde moja ya kushtuka na breki nzuri kwenye lami kavu, la 50 linasimama ndani ya mita 28 hivi, la 80 linahitaji kama mita 57. Mtu aliye mita 35 mbele ya gari la kwanza hataguswa.

Utasema: si tuna spidi gavana? Kenya ilizilazimisha kwenye matatu mwaka 2004, wakati wa waziri John Michuki, kwa kikomo cha 80. Lakini gavana lina ukuta mmoja. Linalofungwa kwenye 80 linaridhika kabisa na basi linalopita Tangini kwa 79. Kitufe cha Teetor kiliweza kushushwa hadi mwendo wa mtaani.

Pingamizi zito zaidi ni hili: anayetaka kukimbia hatakishusha. Kweli. Ila si kila anayezidisha amekusudia. Ukitoka Chalinze umezoea mwendo mkubwa, 50 unauhisi kama umesimama, na spidimita huiangalii. Huyo ndiye pedeli nzito inamsaidia, maana inamwambia kupitia mguu huku macho yakibaki barabarani.

Umoja wa Ulaya umelirudia wazo hilo. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa huko lazima liwe na mfumo unaomtahadharisha dereva akizidi kikomo cha mahali alipo, na njia mojawapo inayokubaliwa ni pedeli inayosukuma mguu. Sasa kamera na ramani ndizo zinazosoma kikomo, lakini hisia kwenye mguu ni ileile.

Hukumu yangu basi: kama kifaa cha starehe, kruzi kontroli ya zamani ni ya wastani, na kwa barabara zetu haina faida. Kama kifaa cha kumkumbusha dereva, ilikuwa mbele ya wakati wake, na viwanda viliitupa nusu iliyo bora. Magari mengi tunayonunua ni mitumba, kwa hiyo teknolojia hiyo mpya itachelewa kufika Kibaha. Wanaosoma uhandisi hapa nchini wana mradi mzuri wa mwisho wa masomo: GPS ya bei nafuu, mota ndogo, springi, na pedeli inayokuwa nzito ukiingia Tangini.